TUSIWAFUNGE MDOMO WAZEE WETU WANAPOTAJA MAUTI

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kila sifa njema anastahiki Allah (s.w.), Mwenye kuhuisha na kufisha. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na sahaba zake wote. Ama baad.



Kila mwaka katika jarida letu hili sisi walimu tumekuwa tukiandika juu ya haki za wazazi: kuwatii, kuwahudumia na kuwaombea dua. Mambo hayo mnayajua, na wengi wenu mnaweza kunisomea kwa moyo aya ya 23 na ya 24 za Suratul Israa bila ya kukwama. Mwaka huu nataka nizungumzie haki moja ambayo hata sisi walimu hatuigusi, nayo ni haki ya mzee kuzungumza juu ya kifo chake na kumpata mtu wa kumsikiliza.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Bibi yangu mzaa mama ndiye aliyenilea tangu nikiwa na miaka minne. Kama ilivyo ada yetu Unguja, bibi na mjukuu wa kiume ni watani, na yeye hakuniita ila "mume wangu". Jioni moja baada ya Alasiri, kiasi cha miezi mitatu kabla hajafariki, nilimkuta amekaa ukumbini juu ya mkeka, kanyoosha miguu, tasbihi mkononi. Akaniambia, "Mume wangu, mimi naona safari yangu imekaribia. Hebu kaa, nna neno nataka kukwambia." Nami, mwenye stashahada ya masomo ya Kiislamu, nisomeshaye watoto Fiqhi na Sira, nikamjibu mbio mbio, "Ah, Bibi, usitie uchuro! Wewe bado sana, utawaoza mpaka vitukuu. Usijitie simanzi bure." Akacheka. Akasema, "Haya, mume wangu," akarudi kwenye tasbihi yake. Neno lile hakulitaja tena.

Alipofariki, mama na khalati zangu walifungua kasha lake. Wakakuta sanda aliyojinunulia mwenyewe, kipande cha udi, na kanga kuukuu iliyofungwa fundo. Ndani ya fundo mlikuwa na shilingi 84,000, zimegawanywa mafungu matatu, kila fungu limefungwa kwa uzi wake: mmoja mweupe, mmoja mwekundu, mmoja mweusi. Hapakuwa na mtu nyumbani asiyeelewa kuwa zile hazikuwa pesa zake. Zilikuwa ni amana, kwani wanawake wa mtaani walikuwa wakimwekesha. Lakini za nani? Tulitangaza msikitini na tukapita nyumba kwa nyumba. Akaja mama mmoja, akataja kiasi cha fungu la uzi mweupe bila ya kukosea hata mia. Mafungu mawili mengine hayakupata mwenyewe. Sheikh wetu alitwambia tutafute kwa muda wa kutosha, kisha tuzitoe sadaka kwa nia ya wenyewe, na akitokea mwenye haki yake baadaye tumlipe. Tumefanya hivyo. Lakini mimi nikipita ukumbini pale hukumbuka kwamba Bibi alitaka kunieleza habari ya nyuzi, nami nikamwambia asijitie simanzi.

Na hiyo simanzi ilikuwa ya nani? Bibi sauti yake haikutetemeka. Aliyeogopa ni mimi.

Ndugu wasomaji, nyumba nyingi ziko hivi. Mzee akianza kutaja kifo, basi kila aliyekuwapo ana la kumkatiza: "Mwenyezi Mungu akuweke", "Unajitabiria", "Tuzungumze mengine". Tunadhani tunamliwaza, kumbe tunajiliwaza wenyewe, na yeye tunamwacha peke yake na jambo kubwa kuliko yote yaliyomo kichwani mwake. Ama hiyo hofu ya uchuro haina msingi wowote. Ajali ya mtu imeshaandikwa. Haiji mapema kwa kutajwa wala haichelewi kwa kunyamaziwa. Ni itikadi tunayowasomesha darasa la pili, nasi wakubwa tukifika nyumbani tunaiacha mlangoni pamoja na viatu.

Tutazame kisa cha Nabii Ya'qub (a.s.) katika Suratu Yusuf. Tumezoea kukisoma kisa hiki kwa upande wa Yusuf (a.s.), kijana mzuri aliyetiwa kisimani. Hebu mara moja tukisome kwa upande wa yule baba mzee aliyebaki nyumbani. Katika aya ya 84 tunaambiwa kuwa macho yake yaligeuka meupe kwa huzuni. Huyu ni Mtume wa Allah! Hakuna awezaye kusema imani yake ilikuwa dhaifu. Kisha katika aya ya 85 wanawe wanamlaumu: hataacha kumkumbuka Yusuf mpaka augue au awe katika wenye kuangamia. Maneno yao ni yale yale tunayowaambia wazee wetu leo, kuwa "unajimaliza mwenyewe kwa mawazo". Naye akawajibu katika aya ya 86 kwamba mashitaka yake na huzuni yake anayapeleka kwa Allah. Mimi nikiisoma aya hii hujiuliza kama katika nyumba ile alikuwepo hata mtoto mmoja aliyekaa naye akamwambia, "Baba, tusimulie habari za Yusuf."

Mzee huyo huyo tunamkuta tena katika Suratul Baqara, aya ya 133, mauti yamemhudhuria. Safari hii wanawe wamemzunguka, na mwenye kuzungumza ni yeye. Anawauliza watamwabudu nani baada yake, nao wanamjibu jibu la kumtuliza moyo. Tazameni, hawakumwambia "Baba usiseme baada yangu". Walimjibu swali lake.

Wengine watasema: Muumini wa kweli haogopi kufa, kwa hiyo mzee mwenye kuonyesha hofu anahitaji mawaidha, hahitaji kusikilizwa. Hili nalo si sahihi. Katika Sahihi Muslim imepokewa kuwa Mtume (s.a.w.) alipozungumza juu ya mwenye kupenda kukutana na Allah, Bibi Aisha (r.a.) aliuliza kama kuchukia mauti ndiyo makusudio, kwani sote tunayachukia. Mtume (s.a.w.) hakumkemea. Alimfahamisha kuwa makusudio siyo hayo. Ni ile saa ya mwisho, muumini anapobashiriwa rehma na radhi za Allah, hapo ndipo hupenda kukutana naye. Maana yake ni kuwa kuchukia mauti ni maumbile ya binadamu, na Mama wa Waumini aliyatamka mbele ya Mtume (s.a.w.) bila ya kuona haya. Basi itakuwaje Babu aone haya kuyatamka mbele yetu?

Kisa ninachokipenda zaidi katika mlango huu ni cha Amr bin Al-As (r.a.), yule sahaba aliyeliongoza jeshi la Waislamu lililoifungua Misri. Nacho kimo katika Sahihi Muslim. Mauti yalipomkaribia alilia kwa muda mrefu, akaugeuza uso wake ukutani. Shujaa wa vita, mtawala wa nchi, ameelekea ukuta analia. Mwanawe hakumwambia anyamaze. Alimkumbusha mema: baba, je, Mtume (s.a.w.) hakukubashiria kadha na kadha? Hapo mzee akawageukia, akaanza kuwasimulia maisha yake mafungu matatu: zama alipokuwa adui mkubwa wa Mtume (s.a.w.), kisha zama aliposilimu akampenda kuliko watu wote, kisha zama za madaraka ambazo mwenyewe hakujua hali yake itakuwaje kwazo. Hakuficha kitu. Mwisho akausia namna ya kuzikwa kwake, na akawaomba wakishamfukia wasiondoke haraka, wabaki pembezoni mwa kaburi kwa kiasi cha muda wa kuchinja ngamia na kugawa nyama yake, apate kuliwazika kwa kuwa nao karibu. Nilipokisoma kisa hiki kwa mara ya kwanza nilikishangaa sana. Mtu mkubwa kama yule aliomba asiachwe peke yake, na akasema wazi.

Katika masomo yetu ya ualimu tulipitishwa kidogo katika elimu ya nafsi, na humo nilikutana na jina la daktari mmoja wa Marekani, Robert Butler. Mwaka 1963 aliandika makala juu ya wazee na kumbukumbu zao. Wakati ule ilikuwa kawaida kudhani kuwa mzee anayerudiarudia habari za kale akili yake imeanza kupungua. Yeye akasema sivyo: mtu akihisi mwisho wake umekaribia, maisha yake humrudia akilini, naye huyapitia, akayapima na kutafuta pa kuyaweka. Wako wanaotoka katika hesabu hiyo na utulivu, na wako wanaozama katika majuto. Elimu hiyo ni nzuri, wala sioni ubaya kuisoma kwa wasiokuwa Waislamu. Lakini Amr bin Al-As alikuwa ameshaifanya kwa vitendo katika karne ya kwanza ya Hijra, na mwanawe alikuwa ameshajua nafasi ya msikilizaji ni ipi.

Kwa hiyo Babu akikusimulia kwa mara ya kumi jinsi alivyosafiri na jahazi mpaka Mombasa akiwa kijana, usimwambie "hiyo umeshatusimulia". Huenda safari hii anakaribia sehemu ambayo mara tisa aliiruka.

Sasa niseme neno ambalo walimu wenzangu huenda wasilipende. Sisi tuna kosa letu katika jambo hili. Tumezoea kuwahubiria wazee juu ya mauti kwa vitisho, kama tunavyowahubiria vijana. Zamani zilikuwa kanda, siku hizi ni simu. Niliwahi kumtembelea mzee mmoja aliyepooza upande kwa kiharusi, nikakuta mjukuu wake kamwekea simu karibu na mto, inatoa mawaidha ya adhabu za kaburi tangu asubuhi, kwa nia njema kabisa, "apate thawabu". Mzee hawezi kunyoosha mkono kuizima. Machozi yanamtoka. Mjukuu akaniambia, "Maalim, unaona anavyoathirika na mawaidha?" Subhanallah!

Imam Nawawi katika Riyadhus Salihina ameeleza kuwa mtu akiwa mzima khofu yake na matarajio yake kwa Allah yawe sawasawa, ama akiwa mgonjwa matarajio ndiyo yatawale. Na Jabir (r.a.) amepokea kuwa alimsikia Mtume (s.a.w.), siku tatu kabla ya kufariki kwake, akiusia kuwa asife mmoja wetu ila awe anamdhania Allah vyema. Basi mgonjwa na mzee asomewe aya za rehma, akumbushwe mema aliyoyatenda kwa majina yake: kisima ulichochimba, yatima uliyemlea, watoto uliowapeleka chuoni. Na talkini ya shahada ni ya saa ya mwisho, kwa upole, bila ya kumkera. Mazungumzo ninayoyasema mimi ni ya miaka iliyo kabla ya saa hiyo.

Hapa lazima tutenganishe mambo mawili. Kuna mzee anayetaja mauti kwa kujiandaa, kama Bibi yangu. Huyo asikilizwe, na akiwa na deni, amana au wasia, aitwe mtu mzima, yaandikwe mbele ya mashahidi wawili, Mtume (s.a.w.) hakupenda Muislamu mwenye kitu cha kuusia alale nyusiku mbili bila ya wasia wake kuandikwa. Na kuna mzee anayetaja mauti kwa kuwa moyo wake unaumwa. Hali chakula, halali usiku, kaacha baraza aliyoizoea, kaacha hata bao na kahawa, na kila akifungua mdomo ni "afadhali nife, nimekuwa mzigo". Huyu wa pili asiambiwe tu asubiri. Mtume (s.a.w.) amekataza kutamani mauti kwa ajili ya dhara iliyompata mtu, na akafundisha dua ya kumwachia Allah aiweke roho maadamu uhai ni kheri na aichukue mauti yakiwa ni kheri. Tumfundishe dua hiyo na tusome naye. Kisha tumpeleke hospitali.

Ndiyo, hospitali. Wataalamu wanaiita sonona, nayo ni ugonjwa wenye matibabu, kwa wazee kama kwa vijana. Sisi kwetu wa kwanza kuitwa huwa ni mganga, kwamba mzee kahusudiwa au ana shetani. Mara nyingine chanzo ni kisukari, au dawa anazozitumia, au mtoto wa jicho uliomfunga asisome msahafu, au masikio yaliyoziba akawa hasikii mazungumzo ya barazani mpaka akaona haya akajifungia ndani. Mambo kama haya yanatazamika. Mabedui walimuuliza Mtume (s.a.w.) kama wajitibu, akawaamrisha wajitibu, kwani Allah hakuweka maradhi ila ameyawekea dawa, isipokuwa maradhi mamoja, nayo ni uzee. Amepokea Usama bin Sharik, na imo katika Abu Daud na Tirmidhi. Uzee hauna dawa, lakini huzuni ya uzeeni inayo. Na mzee akitamka kuwa atajiua au anatafuta njia ya kujidhuru, asiachwe peke yake hata kwa saa moja, na apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo.

Kuhusu hilo neno "mzigo", wengi wao linawaingia kwa mlango wa ibada. Mzee aliyefunga Ramadhani miaka 60, daktari akimkataza kufunga kwa sababu ya sukari, anahisi amefukuzwa mlangoni mwa Mola wake. Wazee wangapi wamefunga kwa siri wakaanguka! Tuwafahamishe kuwa Anas bin Malik (r.a.), aliyemtumikia Mtume (s.a.w.) tangu utotoni, alipozeeka akashindwa kufunga alikuwa akimlisha maskini mmoja kila siku mkate na nyama. Mzee na apewe nafasi ya kuitoa fidia yake kwa mkono wake mwenyewe, si watoto wamlipie kimya kimya kana kwamba hayupo. Pensheni jamii ilipoanza hapa Zanzibar mwezi wa Aprili 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila aliyefika miaka 70, wapo walioicheka kwa udogo wake. Mimi nilimuona bibi mmoja jirani yetu akizipokea, na kituo cha kwanza alinunua sukari kilo mbili akaipeleka kwa mkwewe. Siku hiyo alitembea kana kwamba magoti hayamuumi.

Vivyo hivyo, mzee asivuliwe kazi zake zote. Mtume (s.a.w.) amesema kuwa hata Kiama kikisimama na mmoja wetu ana mche mkononi, akiweza kuupanda na aupande. Basi bibi anayetaka kuchambua mchele, mwacheni achambue, hata ikibidi nyinyi muurudie baadaye jikoni asipokuona.

Likizo iliyopita niliwapa wanafunzi wa darasa la juu kazi moja. Kila mmoja amwendee mzee wa nyumbani kwao au wa jirani, amuulize swali hili tu: "Nani alikusomesha Qur'ani, na chuo chenu kilikuwa wapi?" Kisha anyamaze, asikilize. Habari za mauti asizianze yeye. Lakini mzee akizianza, ni marufuku kumkatiza.

Madaftari yalirudi na mengi, na mengine si ya kuandikwa hapa kwa kuwa ni siri za watu. Kijana mmoja aliambiwa na babu yake, ambaye macho yake yamepungua sana, kuwa alisoma chuo kimoja na rafiki yake wa Mkokotoni, wakagombana kwa ajili ya shamba, na miaka 30 hawajasalimiana. Babu akasema, "Sipendi nife na hili." Kijana alitaka kusema "usiseme hivyo, Babu", akakumbuka masharti ya kazi yake, akanyamaza. Jumapili iliyofuata, yeye na baba yake walimchukua mzee kwa daladala mpaka Mkokotoni. Nilimuuliza wazee walizungumza nini. Akanambia, "Maalim, hawakuzungumza sana. Walisoma Yasini pamoja, kila mmoja anamkosoa mwenzake, halafu wakawa wanacheka tu mpaka Alasiri."

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.